Nyama za paja: kuchuliwa au kunyoosha?

Kwenye timu za mitaani hapa Mwanza, na kwenye vikundi vya jogingi vinavyojazana Furahisha mwisho wa wiki, kuna ubishi usioisha. Nyama za nyuma ya paja zikikaza, kuna wanaompigia simu mchuaji papo hapo, na kuna wanaosema hiyo ni hela ya kutupa, mtu anyooshe mwenyewe nyumbani. Kila upande una shahidi wake. Huyu alichuliwa jana, leo anagusa vidole vya miguu. Yule alinyoosha mwezi mzima, sasa anainama bila shida. Mimi nawaamini wote wawili, ila naona wanapima vitu viwili tofauti.

Misuli ya nyuma ya paja ni mitatu, na karibu yote huanzia kwenye mfupa wa kukalia ikashuka mpaka chini kidogo ya goti. Kwa kuwa inavuka nyonga na goti kwa pamoja, huvutika zaidi mguu unapokwenda mbele goti likiwa limenyooka: unapopiga shuti, unapokimbia kwa kasi, au unapoinama kuokota gunia la dagaa pale Mwaloni bila kukunja magoti. Kuipima ni rahisi. Unalala chali, mguu mmoja unabaki chini, mwenzako anainua mwingine bila goti kukunjika. Nyuzi 80 hivi huhesabiwa kuwa kawaida. Ukikwama kwenye 50, hapo kweli umekaza.

Sasa mtazame mchuaji mzuri akiwa kazini. Anapaka mafuta, anaanzia juu ya goti, vidole gumba vinapanda taratibu kuelekea kwenye makalio, na akifika penye maumivu anatulia na kukandamiza mpaka usikie pamelegea. Dakika kumi baadaye mguu unapanda juu kuliko mwanzo. Mabadiliko hayo yapo kweli, na watafiti wameyapima mara nyingi, kwa mikono na hata kwa kubingirisha paja juu ya rola ya povu. Kasoro yake ni kwamba hayadumu. Mara nyingi siku haijaisha mguu umerudi ulikokuwa, kwa sababu msuli wenyewe haukurefuka. Kilichobadilika ni mwili kukubali kuvutwa zaidi kabla ya kulalamika.

Wanaonyoosha wasishangilie mapema, maana na wao mwanzoni hupata kitu kilekile. Mwaka 2010 Weppler na Magnusson walipitia tafiti za kunyoosha wakaona kuwa mafanikio mengi ya wiki za mwanzo yanaelezeka zaidi kwa mtu kuuvumilia mvuto kuliko kwa msuli kurefuka. Tofauti ni kwamba anayenyoosha kila siku anaurudishia mwili somo hilo kabla haujalisahau. Na somo lenyewe ni fupi. Mwaka 1994 huko Marekani, Bandy na Irion walilinganisha sekunde 15, 30 na 60 za kunyoosha nyuma ya paja, siku tano kwa wiki kwa wiki sita. Sekunde 30 zilizishinda 15, lakini 60 hazikuongeza chochote cha maana juu ya 30. Nusu dakika kwa siku, bila kumlipa mtu! Kwa mlinda mlango wa timu ya mtaa au mama muuza samaki anayeshinda ameinama, sioni hoja ya kuishinda hiyo.

Kwa hiyo kwenye ulaini pekee, kunyoosha kunashinda. Lakini wachezaji wengi hawaombi ulaini, wanaomba wasichanike, na hapo pande zote mbili zinaahidi zaidi ya uwezo wake. Msuli huu huchanika mara nyingi mtu akiwa kwenye mbio kali, mguu ukiwa mbele karibu kutua, wakati msuli unarefuka huku ukifunga breki. Unachohitaji pale ni nguvu ndani ya urefu. Zoezi lililothibitika zaidi ni la kupiga magoti, mwenzako akakushika vifundo vya miguu, nawe ukashuka mbele polepole mwili ukiwa umenyooka, ukijizuia kwa nyuma ya paja mpaka mikono iguse nyasi. Uchambuzi wa tafiti uliotoka 2019, ukiongozwa na van Dyk, ulionyesha kuwa timu zinazolitumia hupunguza majeraha haya kwa karibu nusu. Na mazoezi ya namna hiyo huongeza ulaini pia, jambo ambalo wabishi wetu hulitaja mara chache sana.

Je, mchuaji hana kazi? Anayo, na ninamtetea. Mtu aliyepona jeraha lakini bado anaogopa kunyoosha mguu husaidika sana na mkono unaojua. Aliyebanwa na maumivu hata hawezi kuanza zoezi, akilegezwa kidogo anapata nafasi ya kulianza siku ileile. Ninachokipinga bila kumung'unya maneno ni kuchua jeraha bichi. Kijana kasikia kitu kimekatika nyuma ya paja uwanjani, jioni yuko kitandani anakandamizwa kwa nguvu na dawa ya kuchua ya moto. Msuli uliotoka kuchanika unavuja damu ndani, na kuukandamiza hivyo unaweza kuongeza uvujaji. Siku hizo za mwanzo paja lifungwe bandeji, liinuliwe, lipumzishwe. Na kama maumivu yanashuka chini ya goti yakiwa na ganzi au kuchomachoma, huenda shida inatoka kwenye mshipa wa fahamu mgongoni, na kuuvuta mguu kwa nguvu kunaweza kuiongeza. Huyo aende kwa wataalamu wa fiziotherapia, Bugando au hospitali iliyo karibu, kabla ya kuguswa na mtu yeyote.

Kabla ya mechi pia, msikae chini kunyoosha paja moja dakika mbili mbili. Zaidi ya dakika moja kwa msuli mmoja hupunguza nguvu kidogo kwa muda. Rusheni miguu, kimbieni mkiongeza kasi taratibu, na kule kunyoosha kwa kutulia kubaki jioni. Zoezi la kushikana vifundo liwekwe kwenye siku za mazoezi, mara mbili kwa wiki, mkianza na marudio machache, kwa sababu wiki ya kwanza paja litauma kweli.