The Exorcist nyumbani: fupi au ndefu?

The Exorcist ni filamu ya kutisha ya 1973 kuhusu Regan, binti aliyepagawa na pepo. Katika ndoto ya Padri Karras, mmoja wa mapadri wanaomfukuza pepo huyo, kuna uso mweupe wa pepo unaopita haraka kuliko kupepesa jicho. Aliyeuona kwenye sinema mwaka 1973 hakuwa na namna ya kuhakikisha. Mimi niliusimamisha kwa rimoti, nikaukagua, na woga ukaniisha palepale: mwigizaji kapakwa rangi, basi. Toleo refu la mwaka 2000 linanifanyia vilevile bila hata kugusa rimoti.

Diski ya Blu-ray ya 2010 ina matoleo yote mawili, la dakika 122 na la dakika 132. Hizo dakika kumi si makapi. Daktari anampima Regan mapema, hivyo maradhi yanampanda taratibu. Kisha kuna mazungumzo ya mapadri wawili wakiwa wamekaa kwenye ngazi: Karras anauliza kwa nini binti huyu, naye Merrin, padri mzee, anajibu kwamba lengo ni sisi tukate tamaa, tujione wanyama. William Peter Blatty, mwandishi wa riwaya na wa filamu, aliyataka mazungumzo hayo tangu mwanzo, na hapo namuunga mkono. Bila hayo, mtu anaweza kuzima televisheni akiamini shetani kashinda.

Ila mwongozaji William Friedkin hakuishia hapo. Alibandika nyuso za pepo hadi jikoni, kana kwamba tumesinzia. Halafu ile sehemu ya Regan kushuka ngazi kinyumenyume kama buibui, iliyoachwa 1973 kwa kuwa nyaya zilionekana, kompyuta ikazifuta. Inashtua, sikatai. Lakini inakuja mara tu mama yake Regan anapopewa habari za kifo cha rafiki yake Burke, na msiba unamezwa na sarakasi.

Kinachonitisha mimi kimo kwenye matoleo yote: sindano ya shingoni kule hospitali, pasipo pepo wala giza. Na picha safi ya diski inaisaidia kazi ya kweli. Chumba cha Regan kilipoozwa kama jokofu, kwa hiyo pumzi inayofuka midomoni ni pumzi hasa. Max von Sydow, aliyeigiza Merrin, alikuwa na miaka arobaini na kitu tu. Makunyanzi ya Merrin ni vipodozi vya Dick Smith, na ukisogelea kioo bado humkamati.

Nikimwekea mtu ambaye hajawahi kuiona, naweka ile fupi. Mazungumzo ya ngazini namwonyesha kesho yake.