Nafundisha wazee wa watu kompyuta huku mama yangu Muheza hajui hata kunipigia

Kila Jumapili napanda treni ya Q mpaka Brighton Beach, kule mwisho wa Brooklyn, New York, ambako reli inapita juu ya barabara na chini yake maduka yote yameandikwa Kirusi, mkate mweusi, samaki wa kukausha, duka la dawa, wakili, kila kitu. Nafundisha wazee kompyuta. Bure. Nikiwaambia Wabongo wenzangu wananicheka, yani umevuka bahari uje ufundishe Wazungu kushika mausi? Na Kirusi umekitoa wapi?

Nimekitoa Voronezh, kule Urusi. Mi ni wa zile skolashipu za zamani za Sovieti, nilifika 1987, mwaka mzima wa kwanza ni lugha tu, baridi inakata masikio na mwalimu hajui Kiingereza wala hana mpango wa kujua, nikamaliza nchi yenyewe ishasambaratika na posho hainunui hata viazi. Nikajua Kirusi nimekiacha hukohuko. Kumbe.

Mwanzoni mwa 2021 chanjo za corona zimetoka, wazee ndo wa mbele kwenye foleni, ila kujiandikisha ni kwenye intaneti na nafasi zikifunguliwa zinaisha hapohapo. Jirani yangu wa chini, bibi wa Odessa ya Ukraine, nikamkuta kwenye korido kashika tableti kwa mikono miwili kama sinia la chai ya moto. Nikamsemesha Kirusi, nusura aiangushe. Nikamsajili. Wiki ileile akaniletea wenzake wanne na mfuko wa vitumbua vyao vya kabichi, na ndo ikawa hivyo mpaka leo.

Halafu tukisema "Warusi" tunakosea. Wengi ni Wayahudi wa Odessa, Kiev, Minsk, wapo wa Tashkent na Baku, walianza kuja miaka ya 1970 Moscow ilipolegeza kuwaruhusu kuondoka, wengine wakaja kwa wingi Sovieti ilipoanguka. Kirusi ni lugha inayowakutanisha tu, kama mtu wa Bukavu na mtu wa Musoma wanavyokutana kwenye Kiswahili. Tangu Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, hilo limekuwa zito, tumekubaliana habari za vita ziishie mlangoni, na zinaingia tu.

Kazi yenyewe ni kibodi. Kirusi kina herufi zake zinazofanana pacha na hizi zetu, a, c, e, o, p, kwa macho huoni tofauti ila kompyuta inaona. Mzee kaandika imeli yake vizuri kabisa, inakataa, anarudia, inakataa, akaunti inafungwa, nusu saa nzima tunatafuta kosa kumbe "c" moja kaigonga kibodi ikiwa kwenye Kirusi. Siku hizi kabla ya kitu chochote nauliza, chini pale kwenye kona iko lugha gani? Na ile alama ya @ wao wanaiita mbwa. Nimezoea mpaka juzi namsomea shemeji imeli yangu kwa simu nikasema mbwa, akadhani namtukana.

Usidhani ni wajinga lakini. Kuna bibi ana miaka themanini na kitu alikuwa programa kwenye Minsk-32, ile kompyuta ya Kisovieti ya kujaza chumba, unailisha kadi za matundu. Huyo akiuliza swali natoka jasho. Picha nikiifuta kwenye simu inabaki wapi? Nikamwambia kuna nakala kwenye wingu. Akanitazama. "Wingu la nani?"

Wananiita kwa jina langu na la baba, ndo heshima yao, kwa hiyo marehemu baba, mkulima wa machungwa Muheza, siku hizi ana "-ovich" mgongoni.

Sasa kilichonikaa rohoni ni hiki. Hawa wazee wanajifunza kwa sababu hawana mtu. Watoto wako New Jersey, wako California, wanapiga wakikumbuka. Dawa ziagizwe, bili ilipwe, daktari abadilishe siku, ni yeye na tableti yake. Matapeli wanalijua hilo, wanampigia wanajifanya mjukuu, nimekamatwa na polisi, usimwambie mama, nitumie hela ya dhamana. Tunalirudia sana hilo somo, na mzee mmoja akatuambia yeye alijua ni uongo toka neno la kwanza, ila aliitwa babu, akaongea naye dakika kumi ndo akakata.

Kwetu tunajisifu wazee hawako peke yao. Ni kweli, kwa mama hapakosi watu, na ndo maana hajui kitu! Umeme wa Luku umeisha, zile tarakimu 20 anaingiza mjukuu. Nimetuma hela, mjukuu anaenda kwa wakala, namba ya siri anaijua mjukuu, mpangaji na mtoto wa jirani. Lete bibi nikufanyie. Tunaita heshima, mi naona ni uvivu, kumfanyia ni dakika moja na kumfundisha ni wiki tatu. Mara moja laki mbili zilitoka kwenye simu yake, mpaka leo hakuna aliyezitoa.

Hela basi, zinatafutwa. Kilichoniuma ni kwamba miaka yote hii nikipiga vidio, simu kashika mtu mwingine. Anamwelekezea usoni, bibi sema hujambo, sema hela tumepata, nyuma wamejaa watu watano. Siku moja natoka darasani nikashtuka, najua yule bibi wa Odessa magoti yanamsumbua saa ngapi usiku, ya mama sijui.

Najua mtaniambia bando ghali, simu nyingi ni za tochi, na hao wa huku wamesoma, mama'ko kaishia darasa la nne. Sikatai. Ila kuna mtu kajaribu kwanza?

Nilipoenda likizo ya siku 21 nikanunua daftari, nikamchorea kama navyowachorea wazee wangu, alama ya kijani, kichwa changu, kitufe cha kamera. Sheria ni ileile ya Brighton Beach, mwalimu mikono nyuma, simu haigusi. Wajukuu wakipita, bibi siyo hapo, nawafukuza. Dole gumba lake limekakamaa kwa jembe, skrini haimsikii kabisa, na akibonyeza anang'ang'ania mpaka mambo mengine yanafunguka. Siku ya nne tukagundua kidole cha pete kinakubali. Akagusa, simu yangu ikaita chumba cha pili, akaitupa kitandani kama imemuuma.

Nilirudi huku, miezi ikapita kimya, nikasema basi kasahau. Wiki iliyopita saa tisa usiku simu inaita, kule ni saa nne asubuhi. Nikajua msiba. Kwenye skrini naona mabati na boriti tu, uso hamna.

"Shikamoo mama, kuna nini?"

"Marahaba. Hamna kitu. Nimengoja watoke, wameenda shamba wote."

Akaanza na kile kiwanja cha baba, nani anakitaka na nani kashaanza kukizungukazunguka, akaja kwenye magoti, akaja kwenye mambo ya mwaka alioolewa ambayo sijawahi kuyasikia, nami nimekaa kitandani natazama mabati dakika arobaini, sikuthubutu kumwambia ageuze kamera, mpaka bando likakata.