Msanii wa Kidijitali Arusha: Tuanze na Mdomo, Sura Baadaye

Mazungumzo ya msanii wa kidijitali, yaani mhusika wa kompyuta (avata) anayeonyeshwa jukwaani huku mtu halisi akimpa sauti na miondoko kwa siri, yakianza hapa Arusha, huanzia kwenye sura: awe na rasta, avae lubega, awe mrefu kiasi gani. Naona tunaanzia mwisho. Hatsune Miku, mwimbaji wa kidijitali aliyetolewa na kampuni ya Crypton ya Sapporo, Japani, mwaka 2007, alikuwa kwanza sauti ya kuuziwa watunzi, iliyorekodiwa kwa mwigizaji Saki Fujita. Mchoro uliipa sauti hiyo sura. Na jiji lililotoa makundi ya rap ya X Plastaz na Weusi lina masikio makali. Watu wa huku husikiliza mistari kwanza.

Kwa upande wa mdomo Kiswahili kina bahati. Avata za muundo wa VRM, aina ya faili la wahusika wa 3D uliotoka Japani, zina maumbo matano ya mdomo: a, i, u, e, o. Ndizo irabu zetu hasa! Kasheshe iko kwenye m, b na p, zinazotaka midomo ifungwe. "Mbona" na "mtu" huanza hivyo, na avata isipofunga mdomo, mtazamaji anahisi kuna kasoro hata kama hajui iko wapi. Rapa anayechana silabi 8 kwa sekunde anaipa kila silabi milisekunde 125. Kamera inayofuata uso wake ili kuichezesha avata, ikiwa ya fremu (picha) 30 kwa sekunde, inapata hapo karibu fremu nne tu, na midomo hufungwa kwa moja au mbili. Kipengele cha programu cha kulainisha miondoko kinazimeza hizo. Kipunguze kwenye mdomo, kiache kwenye shingo na mabega. Ongeza mwanga usoni pia, kwa sababu kamera nyingi gizani hushusha zenyewe idadi ya fremu, na fundi anabaki kulaumu kompyuta bure.

Kisha kuna kuchelewa. Picha inapita kwenye kamera, programu na projekta, na inaweza kupoteza milisekunde 100 au zaidi, wakati sauti imeshafika. Kupima ni rahisi: msanii atamke "pa" kwa nguvu, rekodi jukwaa kwa simu, hesabu fremu kati ya mlio na midomo ya avata kuachana. Kwa video ya fremu 30, kila fremu ni milisekunde 33. Chelewesha sauti kwa kiasi hicho kwenye mixa, kwa spika za ukumbini tu. Monita ya msanii, yaani spika anayojisikilizia, iachwe kama ilivyo, la sivyo atapoteza mdundo. Yeye mwenyewe akae chumba kingine; sauti yake halisi ikipenya ukumbini, kazi yote imeharibika.

Linaloniuma zaidi ni rangi. Projekta hairushi rangi nyeusi. Penye giza kwenye picha, kitambaa cha matundu kinachoninginizwa jukwaani ili kupokea picha hubaki kitupu, na nyuma yake panaonekana. Avata yenye ngozi yetu, iliyopendeza kabisa kwenye kompyuta, jukwaani inageuka kivuli. Njia ya mkato ni kumpausha, nami naipinga kabisa. Mwekee mwanga wa pembeni unaochora ukingo wa mashavu na mabega, mng'arishe paji la uso, na zima kila taa inayogonga kitambaa. Projekta ielekezwe kwa pembe, ili mwanga unaopita matunduni uangukie sakafuni, usichore msanii wa pili ukutani. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid saa kumi jioni, jua likiwaka, sahau.

Mkataba uandikwe kabla ya haya yote. Mwaka 2022 kampuni ya muziki ya Marekani, Capitol Records, iliachana na rapa wa kidijitali FN Meka siku chache baada ya kumtangaza, watu walipolalamika kwamba anawadhihaki watu weusi. Rapa mmoja akajitokeza akisema ndiye aliyempa sauti na hakulipwa. Hapa tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, lakini kijana anayechana nyuma ya avata anahitaji karatasi yake: asilimia yake kwa kila wimbo, nani anaruhusiwa kuifundisha kompyuta sauti yake, na rekodi hizo zinafanywa nini siku akiondoka studio.