Mapango yaitwe kwa majina yake

Kuna desturi katika mapango ya watalii ambayo siipendi hata kidogo. Mwongozaji anaelekeza tochi kwenye jiwe na kutangaza kwamba huyo ni tembo. Hatua chache mbele kuna mtawa anayesali, kisha kasri, kisha mdomo wa mamba. Wageni wanapiga picha, wanasonga. Wanatoka nje wakijua kila jiwe lilifanana na nini, wala hawajui hata moja lilitokeaje. Naona wamepunjwa. Wanaochunguza mapango wana msamiati wao, na msamiati huo, ambao wengi huuogopa kwa ugumu wake, ndio unaomwezesha mtu kuona alichokuja kukiona.

Tuanze na maneno ya shuleni. Maji ya mvua hupita kwenye udongo, yakabeba kaboni dioksidi na kuwa asidi hafifu, kisha yakayeyusha mawe ya chokaa njiani. Yakifika kwenye uwazi wa pango, gesi hiyo hutoka na madini ya kalsiti hubaki nyuma, tone baada ya tone. Yanayoning'inia darini ni stalaktiti, yanayoinuka kutoka sakafuni ni stalagmiti. Yote ya aina hiyo, pamoja na mapazia (tabaka jembamba linaloning'inia), mirija (stalaktiti nyembamba zenye tundu ndani) na lulu za pango (punje za mviringo), huitwa speleothemu, jina lililotolewa na George W. Moore mwaka 1952. Halafu kuna heliktiti, ambayo hujipinda kando au hata kuelekea juu kana kwamba uzito haumhusu, kwa sababu maji ndani yake husukumwa katika vijitundu vyembamba mno hata tone halipati kudondoka. Ukiambiwa ni mizizi ya mti, unaridhika. Ukiambiwa ni heliktiti, unauliza kwa nini haikuning'inia kama wenzake.

Najua nitaulizwa: mirija, mapazia na lulu si mifano pia? Ni mifano, lakini ni majina ya aina. Mrija wa pango lolote duniani umejengwa kwa namna ileile. Tembo wa mwongozaji ni jiwe moja tu, na hasaidii kulielewa la pili.

Hata hivyo, si mapambo yanayonivutia zaidi. Ni njia zenyewe, na hapa msamiati unafanya kazi ambayo picha haiwezi. Njia iliyochimbwa ikiwa imejaa maji mpaka darini huitwa freatiki: maji yaliyeyusha jiwe pande zote, ikawa bomba la mviringo. Iliyochimbwa na kijito chenye hewa juu yake huitwa vadosi: kijito hukata sakafu peke yake, ikazidi kushuka, ikawa mfereji mwembamba wenye kuta ndefu. Ukikuta njia ambayo juu ni duara na chini ni ufa mwembamba, umbo la tundu la ufunguo, umeshasoma historia: maji yalijaa kwanza, kisha usawa wake ukashuka, mara nyingi kwa sababu bonde la nje lilizidi kuchimbika. Kuna pia skalopi, vibonyeo vidogo vilivyopangana ukutani. Upande wake wenye mwinuko mkali ndio ule maji yalikotokea, na vikiwa vidogo maji yalikwenda kasi. Njia inaweza kuwa imekauka kwa maelfu ya miaka na bado ikakuambia mto ulielekea wapi.

Kuna neno moja la wachunguzi ambalo mimi silikubali, nalo ni sifoni. Wafaransa, Wahispania na Warusi hulitumia kwa mahali ambapo dari ya njia huzama chini ya maji, ili asonge mbele lazima mtu apige mbizi. Katika fizikia, sifoni ni bomba linalopandisha maji juu ya kizuizi kisha kuyashusha. Pangoni mambo ni kinyume: njia hushuka, halafu hupanda. Heri kusema wazi kwamba dari imezama. Mahali kama hapo panahitaji jina lisilopotosha, kwani ndipo watu hufa. Mwaka 2018, katika pango la Tham Luang nchini Thailand, vijana 12 na kocha wao, walionaswa ndani na mafuriko, hawakutenganishwa na mlango wa pango kwa eneo moja tu la maji. Palikuwa na vipande kadhaa vilivyozama, na kati yake kumbi zenye hewa. Mpango mzima wa uokoaji ulitegemea tofauti hiyo: wapi pa kupiga mbizi, wapi pa kumkagua kijana aliyelazwa kwa dawa, wapi pa kuweka mitungi ya hewa. Saman Kunan, aliyewahi kuwa askari wa majini, alifariki tarehe 6 Julai katika kazi ya kupeleka mitungi hiyo.

Kwa wanyama nitakuwa mfupi. Emil Racoviță, mwanabiolojia wa Romania, aliyapa uzito mwaka 1907 makundi matatu yanayotumika mpaka leo. Popo ni trogloksini: hulala pangoni, hutafuta chakula nje. Troglofili anaweza kuishi ndani au nje. Troglobiti, kama yule amfibia asiyeona wa mapango ya Slovenia na Kroatia, hana kwingine. Kuwaita wote "wanyama wa pangoni" ni kuficha nani ataangamia kabisa pango likiharibiwa.

Hata neno pango lenyewe lina ubishi. Wengi wa wanaoingia hulitumia kwa tundu la asili linalomtosha mtu kupita. Kwa kipimo hicho Mammoth Cave ya Marekani, yenye zaidi ya kilomita 680 zilizopimwa, ndilo refu kuliko yote yanayojulikana. Lakini wachunguzi wa maji, wakiwemo Derek Ford na Paul Williams, huanza kuhesabu pango la mawe ya chokaa kwenye upana wa milimita 5 hadi 15, kwa kuwa hapo ndipo maji huacha kupenya kwa utulivu na kuanza kwenda kwa msukosuko. Niko upande wao. Uchafu ukimwagwa katika ardhi ya mawe ya chokaa hausubiri tundu la kupita mtu. Huingia katika nyufa, hauchujwi na mchanga, ukaibuka kwenye chemchemi. Ramani ya njia zinazopitika na watu haimtoshi anayeamua dampo liwekwe wapi, na sheria za kulinda mapango zinapaswa kuandikwa kwa maana hii ya pili.