Mjomba, Hii Haiingii

Mtoto niliyekuwa namfunga kamba za viatu juzi juzi tu, leo ananitazama kwa huruma. Nimemkabidhi mpwa wangu orodha ya vifaa vya kompyuta ya gemu, mwandiko safi, kila kichwa nimekipigia mstari kwa rula. Hata salamu hakutoa.

"Mjomba, hii haiingii."

Kwa heshima zangu zote nikauliza kipi hakiingii wapi. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwenye mazabodi, ule ubao mkuu unaochomekewa kila kitu. Eti RAM niliyoandika ni ya aina ya DDR5, mazabodi ni ya DDR4. Nikamsomea: DDR4 ina pini 288, DDR5 ina pini 288. Tatizo liko wapi? Eti lile pengo la katikati ya pini limesogezwa. Limesogezwa! Mtu mzima, ana familia, amekaa ofisini akalipwa mshahara kwa kusogeza pengo ili mimi nisilale.

"Basi tubadili mazabodi."

"Ukichukua ya DDR5 ya hawa jamaa wa AMD, soketi ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inakuwa AM5, mjomba. Prosesa yako 5600 ni ya soketi ya zamani, AM4. Haikai."

"Tubadili prosesa."

"Tuchukue 7600X. Ila hiyo haiji na feni ya kuipoza."

"Tununue feni!"

"Nzuri ni hii. Ila ndefu, ubavu wa keisi hautafunga."

"Basi tununue keisi!" Hapo sauti ilishapanda, nikakohoa kidogo kurudisha hadhi.

"Keisi kubwa zipo. Ila mjomba, waya wa pawasaplai yako, kile kiboksi cha umeme, utafika?"

Nilitaka RAM, jamani. RAM tu. Sasa nanunua kompyuta nzima ili RAM ipate pa kukaa.

Nikasema tuhamie Intel, wapinzani wa AMD, huko labda wana utu. Nikaona prosesa ina herufi F mwishoni na bei imepunguzwa. Kumbe F maana yake haina grafiki ndani. Usipokuwa na kadi ya grafiki pembeni, kioo kinabaki cheusi. Shuleni kwetu F ilikuwa na maana hiyo hiyo.

Kadi za grafiki ndiyo usiniambie. RTX 4060 Ti ipo yenye kumbukumbu ya GB 8 na ipo ya GB 16, jina moja. Mwaka 2022 Nvidia, wenye hizo kadi, walitangaza RTX 4080 mbili, ya GB 16 na ya GB 12. Watu wakapiga kelele, ile ya GB 12 ikaondolewa kabla haijauzwa, Januari 2023 ikarudi mjini inaitwa RTX 4070 Ti, kama mdaiwa aliyehama mtaa.

Ukikwepa yote hayo, unaambiwa skrini yako ya hezi 144, yaani ya kubadili picha mara 144 kwa sekunde, inafanya kazi kwa hezi 60 mpaka uingie kwenye mipangilio uiombe. RAM nayo inatembea pole pole mpaka uingie bayosi, ile mipangilio ya ndani ya mazabodi, kuiruhusu. Nimeilipia, bado niibembeleze?

Taa sitaki. Mpwa anasema RAM isiyo na taa imeisha, iliyobaki inawaka rangi zote.

Mke wangu kapita hapo, katupa jicho kwenye orodha, kauliza kama hiyo mashine itaprinti. Nikasema itaprinti. Lakini printa yenyewe ile! Barua ya maandishi meusi tupu, haina hata picha, inagoma eti wino wa njano umeisha. Njano ya nini? Nimeandika wapi kitu cha njano mimi?