Galaxy A05 au A05s? Mimi Ningelipia Hiyo Herufi Moja

Nikiulizwa kati ya Samsung Galaxy A05 na Galaxy A05s ipi ya kununua, jibu langu ni A05s, wala sihitaji kufikiria mara mbili. Ila sababu zangu sizo zile utakazozisikia kwa muuzaji. Muuzaji atakuanzia na kamera, atapita kwenye prosesa (ile chipu iliyo ubongo wa simu), atamalizia na betri. Kwa simu hizi mbili, humo ndimo tofauti ilimo ndogo kuliko kwingine kote. Kinachozitenganisha ni kioo na kitufe cha ubavuni, vitu viwili utakavyovigusa kutwa nzima mpaka siku simu itakapokufa.

Tuwekane sawa kwanza. Zote mbili zilitoka mwaka 2023 zikiwa na Android 13. Zote zinaishia 4G, kwa hiyo anayetaka 5G aangalie kwingine. Zote zina betri ya mAh 5000 na zinapokea chaji ya wati 25, zina laini mbili, zinakubali memori kadi, na zimebaki na lile tundu la duara la kuchomekea spika za masikioni, jambo ambalo mimi nalishukuru kila ninapoona simu za bei mbaya zisizo nalo. Mgongo ni wa plastiki, kioo ni cha inchi 6.7. Zivalishe kava jeusi uziweke mezani, unaweza kuondoka na ya mwenzako.

Sasa kitufe. A05s ina kisoma alama ya kidole kwenye kitufe cha kuwashia. A05 haina kabisa: si ubavuni, si nyuma, si chini ya kioo. Wengi hulipita jambo hili kwa sababu kwenye orodha ya sifa ni mstari mmoja tu, tena wa chini chini, na ukiuliza utaambiwa, "Hakuna shida bosi, inafunguka kwa uso." Ni kweli inafunguka. Ila inafanya hivyo kwa kamera ya mbele ya kawaida inayolinganisha picha na picha. Gizani haikuoni. Ukiwa umevaa barakoa inasita. Na siku unapokiwasha kipengele hicho, simu yenyewe inakutahadharisha kwamba mtu au kitu kinachofanana nawe kinaweza kuifungua. Kama mtengenezaji mwenyewe anaona haja ya kukuambia hivyo, basi ujue hilo ni komeo la kuzuia upepo, si la kuzuia mwizi.

Na hapo hatujafika kwenye pesa. Android huzipanga kwa madaraja njia za kumtambua mwenye simu, na uso unaosomwa kwa kamera ya kawaida huangukia daraja la chini, ambalo programu nyingi za benki hazilikubali. Matokeo yake simu utaifungua kwa uso, lakini ukifika kwenye salio lako utaandika namba ya siri. Kila mara. Uko kwenye foleni, mtu amesimama nyuma ya bega lako, nawe unabonyeza tarakimu moja moja kwenye kioo kipana ambacho hata aliye mbali kidogo anakisoma. Mwenye A05s anagusa ubavu wa simu yake, shughuli imekwisha.

Kuna na madhara mengine yasiyosemwa sana. Mtu aliyechoka kuandika namba ya siri kutwa hafanyi subira milele. Ama ataweka 1234, ama ataiondoa loki kabisa, halafu siku simu inaibiwa ndipo anakumbuka kwamba humo mlikuwa na picha za vyeti, mazungumzo ya kazini na akaunti zote. Kisoma kidole hakimgeuzi mtu kuwa mwangalifu, lakini kinamwondolea uchovu unaomfanya azembee. Kwa simu ambayo ndiyo pochi, kitambulisho na kabati la nyaraka, mimi siioni hii kuwa anasa.

Twende kwenye kioo. A05 ina pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 720 kwa 1600; A05s ina 1080 kwa 2400. Ukigawanya kwenye ukubwa uleule wa inchi 6.7, ya kwanza inapata takriban pikseli 262 kwa kila inchi, ya pili 393. Namba hizi hazimwambii mtu kitu mpaka afungue maandishi. Chukua hati ya PDF, labda fomu ya maombi ya kazi au mtihani wa zamani, iache ukurasa mzima ukae kwenye kioo bila kuukuza. Kwenye A05s herufi ndogo bado zina tumbo na mkia wake. Kwenye A05, "e" na "c" zinaanza kufanana, na "rn" inataka kuwa "m". Utakuza kwa vidole viwili, utasogeza kulia, utarudi kushoto, mstari mmoja baada ya mwingine. Anayetazama video fupi tu hataona tofauti kubwa. Mwanafunzi anayesomea kwenye simu, na wako wengi ambao simu ndiyo maktaba yao pekee, ataiona kila jioni, na macho yake yataiona zaidi.

Halafu kuna suala la kioo kujichora upya: A05 hujichora mara 60 kwa sekunde, A05s mara 90. Ukipandisha orodha ndefu ya ujumbe kwa kidole, kwenye A05s maneno yanateleza na unaweza kuyafuata kwa jicho. Kwenye A05 yanaruka kidogo. Ni kitu ambacho hukijui mpaka ukizoee, na ukishakizoea kurudi nyuma ni kazi. Lakini tusitiane moyo kupita kiasi: zote ni za LCD, kioo cha aina ya kawaida, hakuna hata moja yenye weusi ule wa AMOLED, aina ya kioo cha simu za bei ya juu, na kwenye jua kali la mchana zote mbili utazikinga kwa kiganja.

Prosesa ndipo watu wanapodanganyika. A05 inatumia Helio G85 ya MediaTek, chipu ya mwaka 2020 iliyotengenezwa kwa nanomita 12 (kipimo cha udogo wa sehemu za ndani ya chipu). A05s inatumia Snapdragon 680 ya Qualcomm, ya mwaka 2021, nanomita 6. Nanomita zikipungua, chipu hula umeme kidogo na hupata joto kidogo, na hiyo ni faida ya kweli kwa A05s. Ila ukifungua ndani, mambo hayako wazi hivyo. Viini ndizo sehemu za chipu zinazofanya kazi yenyewe: Helio G85 ina viwili vikubwa vya muundo wa Cortex-A75 na sita vidogo. Snapdragon 680 ina vinne vikubwa, lakini vimetokana na Cortex-A73, muundo wa zamani kuliko A75. Wingi wa viini vikubwa unaisaidia unapofungua vitu vingi kwa pamoja. Kwenye kazi moja moja, hazipishani sana.

Kwenye michezo ndiyo kabisa. Kioo cha A05s kina pikseli 2,592,000 za kuchorwa, cha A05 kina 1,152,000. Yaani A05s ina mzigo mara 2.25, huku sehemu yake ya kuchora picha, Adreno 610, haina nguvu mara 2.25 kuliko ile Mali-G52 ya Helio. Kwa hiyo kijana anayetaka kuongeza pesa apate A05s kwa ajili ya gemu, mimi ningemwambia asihangaike. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayonifanya nisiahidi mtu kwamba A05s itakaa na chaji siku nyingi zaidi: chipu inabana matumizi, kioo kinayarudisha.

Kamera nitazipitia haraka, maana hazistahili zaidi. Kuu ni ya megapikseli 50 kwa zote, na kwa kawaida hupiga picha ya megapikseli 12.5 hivi kwa kuunganisha pikseli nne kuwa moja. Mchana picha ni nzuri ya kutosha, usiku utaona chengachenga. Hakuna hata moja yenye kitulizaji cha lenzi, kwa hiyo mkono ukitikisika, picha nayo imetikisika. A05 ina kamera ya pili ya megapikseli 2 nyuma, A05s inazo mbili za namna hiyo, na sijamwona mtu aliyewahi kunufaika nazo, ni mapambo. Ya mbele ina tofauti ya maana kidogo, megapikseli 8 kwa 13, na anayepiga simu za video sana ataiona.

Mpaka hapa mambo ni rahisi. Ugumu unaanza pale bajeti inapokuweka njia panda: kwa pesa uliyonayo unapata A05s yenye RAM ya GB 4, au A05 yenye RAM ya GB 6. Hili ndilo swali linaloniumiza kichwa kuliko yote, na ninaelewa anayechagua tofauti nami. RAM ni kumbukumbu ya muda inayoshikilia programu zilizo wazi, na huwezi kuiongeza baadaye. Ile "RAM ya ziada" inayoahidiwa kwenye mipangilio ni nafasi ya hifadhi iliyoazimwa, na hifadhi ina mwendo wa kobe ukilinganisha na RAM yenyewe. Inasaidia programu isifungwe kabisa, haiifanyi iwe nyepesi. Kwenye GB 4 utaona mambo kama haya: uko katikati ya kujaza fomu kwenye kivinjari, unatoka kwenda kupiga picha ya kitambulisho, ukirudi ukurasa unajipakia upya na ulichoandika kimefutika. GB 6 hupunguza sana hilo.

Hata hivyo, kwa mtu wa kawaida anayetumia programu chache kwa zamu, bado ningechukua A05s ya GB 4. Kupakia upya ukurasa ni usumbufu wa mara mojamoja, kuandika namba ya siri na kukodoa macho ni kwa kila siku. Lakini mtu anayefanya biashara mtandaoni, mwenye programu tano zote wazi, akijibu wateja huku na kupandisha picha kule, huyo achukue A05 ya GB 6 na wala asimsikilize mtu. Kama anaweza kungoja kidogo apate A05s ya GB 6, basi hatuna mjadala tena.

Kuhusu hifadhi, ya GB 64 ningeikwepa kwa zote mbili. Mfumo wenyewe unameza sehemu kubwa kabla hujaweka hata picha moja, na video za makundi zitamaliza iliyobaki. Memori kadi itapokea picha na nyimbo, lakini programu zenyewe zitaendelea kukaa ndani, na simu ya daraja hili ikishajaa huanza kuburuta miguu kwa kila jambo. Chukua ya GB 128.

Jingine linalosahauliwa ni umri. Samsung iliahidi simu hizi matoleo mapya ya Android mara mbili na masasisho ya usalama kwa miaka 4. Miaka hiyo inahesabiwa tangu simu ilipotoka, yaani 2023, si tangu siku uliyolipa wewe. Ikikaa ghalani miaka miwili ikiwa ndani ya plastiki yake, imeshakula nusu ya uhai wake na bado inaitwa mpya. Kwa hiyo kadiri siku zinavyokwenda ndivyo bei inavyopaswa kushuka, na anayekuuzia leo kwa bei ya siku ilipotoka anakuuzia na miaka iliyokwisha kupita. Hapo una haki kabisa ya kubishana naye. Hili halichagui kati ya A05 na A05s, limezikumba zote sawasawa, lakini linaweza kukupa ile nyongeza ya kupanda kutoka moja kwenda nyingine.

Uliza pia kuhusu chaja. Samsung ilianza kuziondoa chaja kwenye makasha mwaka 2021 na Galaxy S21, na tabia hiyo imeshuka mpaka kwa simu za watu wa chini. Sehemu nyingi utakuta waya peke yake. Ukichomeka waya huo kwenye kichwa cha chaja ya zamani ya wati 10, simu itajaa, lakini kwa saa nyingi, na utaanza kuilaumu bure. Weka gharama ya kichwa cha wati 25 kwenye hesabu yako tangu mwanzo.

Mwisho ni kuhakikisha kwamba unachopewa ndicho ulicholipia, maana majina yamekaribiana mno na kasha hubadilishwa kirahisi. Geuza simu: A05 ina lenzi mbili nyuma, A05s ina tatu. Sajili kidole chako papo hapo dukani. Kama hakuna mahali pa kukisajili kwenye mipangilio, hiyo si A05s. Kisha ingia sehemu ya "Kuhusu simu" usome namba ya modeli. Ikianza na SM-A057, ni A05s. Ikiwa SM-A055, mrudishie, au apunguze bei mpaka ya A05.