VirtualBox, Parallels na hela ya RAM

Machalii wengi wa IT hapa Chuga bado wanaamini VirtualBox, programu ya bure ya Oracle ya kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta yako), ni ya kujifunzia chuoni tu, ukitaka kazi ya maana ulipie. Mi naona wanaionea. VirtualBox na mwenzake VMware, kwenye PC zote mbili zinabebwa na uwezo uleule wa prosesa, VT-x kwa Intel na AMD-V kwa AMD, sasa kama umezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) hata ungelipa dola ngapi mashine pepe itasumbua tu. Ukishawasha, kinachokuja ni RAM. Laptopu za mtumba pale mjini nyingi ni GB 8, Windows 11 yenyewe inataka angalau GB 4, ukiigawia mashine pepe hizo 4 basi Windows ya laptopu yenyewe inabaki inahema, unafungua Chrome unaenda kunywa chai. Halafu lawama anapewa VirtualBox! Ongeza RAM, weka SSD, ndo uje tuongee.

Kulipia kuna raha yake, sikatai. Kampuni ya utalii inatumia MacBook zenye prosesa za Apple, M1 kwenda juu, na mhasibu anataka Tally, programu ya uhasibu ambayo ni ya Windows, hapo Parallels, programu ya kulipia ya mashine pepe kwenye Mac, inamshushia yenyewe Windows 11 ya Arm, ile inayoendana na prosesa hizo, faili anaburuta huku na huku, kikigoma kitu yupo wa kumuuliza. Toleo la kawaida ni kama dola 100 kwa mwaka, ofisi inayolipwa kwa dola haitikisiki, ila kwa mwanafunzi hiyo ndo hela ya kununulia RAM yenyewe.

VMware ndo inanichekesha. Broadcom waliinunua Novemba 2023, Mei 2024 wakaachia Workstation Pro, VMware ya kwenye PC, bure kwa matumizi binafsi, Novemba 2024 wakaachia kwa wote hadi makampuni. Na bado mtu anakuletea flashi yenye kraki, eti uzime antivairasi kwanza, wakati ukijisajili kwao unaishusha bila hata senti! Ila bure hiyo ni ya hisani, mwenye mali akigeuka kwenye matoleo yajayo imekula kwako. Msimbo wa VirtualBox uko chini ya GPL, laiseni huria, Oracle hata wakiuchoka kesho wengine wanaruhusiwa kuuendeleza.

Wenye ofisi mchunge Extension Pack tu, kile kifurushi cha nyongeza cha VirtualBox, hiyo siyo GPL, ni bure kwa nyumbani na masomo lakini biashara inatakiwa laiseni, na watu wanaibonyeza tu bila kusoma. Wengi waliifuata kwa ajili ya USB 2 na 3, na tangu toleo la 7.0 hizo zimo kwenye VirtualBox yenyewe.